Mchoraji wa Paris aliyefanya kioo kipasuke bila kumwagika

Ukitaka kumchosha mtu wa Ndau, mwanzishie stori ya windiskrini. Ndau ni kisiwa kidogo cha Wabajuni katika visiwa vya Lamu. Unakipata ukishapita Pate, kabla hujafika Kiwayu. Kule kinachokufikisha unakokwenda ni mashua ya tanga au boti ya mashine. Gari ni kitu cha bara, unakutana nacho ukishuka Mokowe na mzigo wako begani, makondakta wakikugombania.

Lakini badilisha neno moja tu. Usiseme kioo, sema ufa. Hapo mzee yeyote aliyewahi kumiliki chombo atajisogeza akae vizuri, maana mambo ya ufa anayajua kuliko mimi na wewe. Atakueleza kwamba chombo hakitupwi kwa sababu kimeanza kuvuja. Kinapandishwa pwani, maji yakishakupwa fundi anatafuta pale mbao mbili zilipoachana, anaingiza pamba iliyolowa mafuta, anaipiga kwa patasi na nyundo mpaka nafasi inajaa. Hiyo ndiyo kalafati. Chini, sehemu inayokaa majini, anapaka deheni, yaani mafuta yaliyochanganywa na chokaa. Chombo kinarudi kazini. Na ufa unazibwa ungali mdogo, kwa sababu bahari haina subira.

Wabajuni pia ndio watu wa mtepe, kile chombo cha zamani kilichoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi badala ya kupigiliwa misumari. Mtepe ukipanda fungu la mchanga ulijipinda kidogo ukashuka, haukuvunjika, kwa sababu kilichoshika mbao zake kilikuwa laini kuliko mbao zenyewe. Mitepe ilitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Leo ukitaka kujua ulikaaje, nenda ukaangalie mfano wake katika Makumbusho ya Lamu.

Shika hapo, kitu kigumu kushikwa na kitu laini. Mambo ya leo ni ya jamaa mmoja wa Paris aliyefanya hivyohivyo kwa kioo, wakati mitepe ya mwisho ilikuwa bado inakata maji ya huku kwetu. Kama wewe ni wa kukimbilia kiti cha mbele kwenye matatu, kando ya dereva, basi kila siku unakaa nyuma ya kazi yake. Jina lake anaitwa Édouard Bénédictus, na naweka dau hujawahi kulisikia.

Alizaliwa Paris tarehe 5 Oktoba 1878. Ukimtafuta kwenye vitabu unachanganyikiwa, kwa sababu kila kitabu kinamwita kitu kingine. Vitabu vya sanaa vinasema mchoraji na mbunifu wa mapambo. Vitabu vya magari vinasema mkemia. Kwenye historia ya muziki yumo pia, kwa sababu alikuwa anatunga muziki. Vyote ni kweli. Alianza kwa kazi za mikono, kupamba ngozi na kujalidi vitabu, kazi ambayo mtu anakaa na kisu, gundi na rangi kutwa nzima. Pembeni akawa na maabara. Mimi niliacha chuo kwa hiyo sina haki ya kutoa ushauri wa masomo, lakini huyu bwana angekuja leo kwenye ofisi ya usajili wangemuuliza achague kozi moja, na sidhani angemaliza muhula.

Marafiki zake walikuwa genge la ajabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1900, vijana kadhaa wa Paris, wanamuziki, washairi na wachoraji, walikuwa wakikutana kupiga piano na kubishana mpaka usiku wa manane. Mmoja wao alikuwa Maurice Ravel, yule mtunzi ambaye baadaye dunia nzima ilimjua kwa Boléro. Walijiita Les Apaches, jina ambalo magazeti ya Paris wakati huo yaliwapa wahuni wa mitaani. Yaani vijana wa piano na mashairi wamejipachika jina la wakora. Mwaka 1902 opera ya Debussy, Pelléas et Mélisande, ilipotoka na wakubwa wakaizomea, hawa ndio walijazana ukumbini kuitetea. Bénédictus alikuwa mwenzao. Kwa hiyo ukimfikiria kama mzee wa koti jeupe anayenusa kemikali, futa hiyo picha. Alikuwa kijana wa mjini wa miaka ishirini na kitu, mwenye marafiki wenye kelele.

Sasa tuje kwenye chupa.

Mwaka ni 1903. Kisa chenyewe alikuja kukisimulia baadaye, na kimesimuliwa mara nyingi mno tangu hapo, kwa hiyo nakupa mifupa yake tu. Alikuwa maabarani akitoa kitu kwenye rafu ya juu, chupa ya kioo ikamponyoka ikaanguka sakafuni. Alitegemea vipande kila mahali. Kumbe chupa imepasuka, nyufa zimeizunguka pande zote, lakini bado ni chupa. Umbo limebaki lilelile. Vipande vimeshikana.

Mtu wa kawaida angeshukuru hakujikata, akaiokota akaitupa. Yeye aliichunguza, akakuta kwamba zamani ilikuwa imehifadhi nitrati ya selulosi iliyoyeyushwa katika kimiminika. Kimiminika kilikuwa kimekauka chote, kikaacha utando mwembamba ndani ya kioo, mwembamba kiasi kwamba chupa ilionekana safi. Huo utando ndio ulioshika vipande. Nitrati ya selulosi, kwa taarifa yako, ni pamba iliyopikwa kwa asidi. Ndiyo hiyo iliyokuwa inatengenezea filamu za sinema za zamani, zile zilizokuwa zikishika moto zinateketeza ukumbi mzima. Kwa hiyo pamba tena. Fundi wa kalafati angetabasamu.

Bénédictus aliandika alichokiona, akaiweka chupa kando. Hakujua bado ni ya kazi gani. Hapo ndipo mimi nampenda huyu mtu, kwa sababu wengi wetu tungekimbilia kutangaza.

Jibu lilitoka kwenye magari. Paris ya wakati ule magari yalikuwa mapya, madereva wapya, na mengi hayakuwa na kioo cha mbele kabisa. Dereva alivaa miwani mikubwa akala vumbi. Walipoanza kuweka kioo, waliweka kioo cha kawaida tu, kama cha dirisha la nyumba. Fikiria hiyo hatari. Kioo cha kawaida kikivunjika hutoa vipande virefu vyenye ncha, na gari likigonga kitu, kichwa cha abiria ndicho kinachotangulia mbele. Ajali ndogo, ya mwendo wa baiskeli, ilitosha kumwachia mtu makovu ya maisha au kumkata koo. Bénédictus alisoma gazetini habari za ajali za namna hiyo, akaikumbuka ile chupa. Kwa maelezo yake mwenyewe alirudi maabarani na hakutoka. Baada ya takriban saa 24 alikuwa na kipande cha kwanza mkononi. Vioo viwili vyembamba, katikati karatasi ya seluloidi, vimebanwa pamoja kwa presi vikawa kitu kimoja.

Alipata hataza ya Ufaransa mwaka 1909. Jina la kibiashara likawa Triplex, kwa sababu ya zile tabaka tatu, na kufikia 1912 kampuni ya Triplex ilikuwa imeanzishwa hadi Uingereza. Kwa haki ya historia niseme kwamba kule Uingereza wakili mmoja, John Wood, alikuwa amefikia wazo linalofanana mwaka 1905. Lake halikushika soko. La Bénédictus lilishika, ila polepole, na sababu ya upole huo inaudhi: wenye viwanda vya magari waliona ni ghali. Uso wa abiria haukuwa kwenye hesabu.

Kilichofungua mlango ni vita. Kuanzia 1915 majeshi ya Ulaya yalianza kurushiana gesi ya sumu, na kila askari alihitaji barakoa yenye macho ya kuonea. Kioo cha kawaida kikipasuka pale, vipande vinaingia jichoni na gesi inaingia puani. Kioo cha tabaka kikapata kazi, kwenye barakoa, kwenye miwani ya marubani, kwenye ndege. Vita hivyohivyo ndivyo vilivyowachukua babu zetu wa Afrika Mashariki kubeba mizigo ya jeshi la Uingereza, ndiyo maana Nairobi kuna Kariokor na Dar es Salaam kuna Kariakoo. Baada ya vita magari yakafuata. Ford alipotoa Model A mwisho wa 1927, kioo cha mbele cha usalama kilikuja na gari, hukuhitaji kuomba. Tangu hapo mjadala ukawa umekwisha.

Ngoja nieleze hiki kitu kinafanyaje kazi, kwa sababu kuna pesa yako humu.

Windiskrini ya leo bado ni ile sandwichi ya Bénédictus: kioo, plastiki laini, kioo. Jiwe likirushwa na tairi la lori, mara nyingi linaumiza kioo cha nje peke yake. Plastiki ya katikati inameza mshtuko, kioo cha ndani kinabaki kizima. Ndiyo maana unapata kile kidoa, mara kama jicho la ng'ombe, mara kama nyota yenye miguu, na ukipitisha kidole upande wa ndani hausikii kitu. Umeona? Jeraha liko kwenye ngozi tu, halijafika mfupani. Na kwa sababu lina sakafu, yaani ile plastiki chini yake, linaweza kujazwa.

Hiyo ndiyo siri yote ya mafundi wa kuziba vioo. Vioo vya milangoni haviwezi, kwa sababu vile ni aina nyingine, vimepashwa moto vikapozwa ghafla ili vikivunjika viwe punje punje. Vikiguswa vibaya vimekwisha, hakuna cha kuziba. Windiskrini peke yake ndiyo inasubiri fundi.

Ufundi wenyewe ni mdogo wa umri, ulianza Marekani miaka ya mwanzo ya 1970, Bénédictus keshakufa zamani. Ukipata fundi anayejua, utamwona anasafisha kile kitobo kwa sindano, anatoa unga wa kioo, anakausha unyevu. Halafu anabandika kidaraja chenye vikombe vya mpira juu ya kioo, kina bomba katikati. Kwanza ananyonya hewa iliyojificha kwenye nyufa. Halafu anasukuma rezini, gundi nyepesi inayotiririka kama maji, ipenye mpaka kwenye ncha ya kila ufa. Anavuta hewa tena, anasukuma tena. Huu mchezo wa kuvuta na kusukuma ndio unaotenganisha fundi na mbabaishaji, kwa sababu hewa ikibaki ndani, ufa uko palepale, umefunikwa tu. Mwisho anamulika taa ya urujuanimno na rezini inaganda ikawa ngumu. Anakwangua juu kwa wembe, anang'arisha.

Kwa nini kidoa kinapotea? Kile unachokiona si kioo kilichovunjika, ni hewa iliyoingia kwenye kioo. Mwanga ukitoka kwenye kioo ukakuta hewa unapinda na kurudi, ndiyo ule weupe. Rezini imetengenezwa ipitishe mwanga karibu sawa na kioo, kwa hiyo mwanga unapita bila kujua kuna kitu. Karibu. Alama ndogo hubaki, na fundi anayekuahidi kwamba haitaonekana kabisa anakudanganya.

Kuna mipaka. Kidoa kikishafika ukubwa wa sarafu ya shilingi 20, mafundi wengi huanza kutikisa kichwa. Ufa uliofika ukingoni mwa kioo, shida. Ufa ulio mbele ya macho ya dereva, usizibe, badilisha, kwa sababu ile alama ndogo iliyobaki itamchezea macho usiku taa za gari lingine zikimpiga. Na ikiwa ukipapasa ndani unasikia ufa, maana yake tabaka zote mbili zimekwenda.

Wakati nao unahesabu. Kioo kimeshapata jeraha, halafu gari limeegeshwa juani Mombasa kutwa, unaingia unawasha eyasii ya baridi kali moja kwa moja kwenye kioo. Nje kunatanuka, ndani kunanywea. Ufa unatembea, na unaweza kuuona ukitembea. Wengine wanamwaga maji baridi kwenye kioo cha moto pale kwenye kuosha magari, matokeo ni yaleyale. Vumbi na maji ya mvua yakishaingia ndani ya nyufa, rezini haishiki tena vizuri. Kwa hiyo ukipigwa na jiwe leo, bandika selotepu safi juu ya kidoa na utafute fundi wiki hii. Halafu tafadhali, zile dawa za mtaani, mara gundi ya sekunde, mara rangi ya kucha, mara dawa ya meno. Gundi ya sekunde inaganda juu kabla haijaingia chini, na fundi akija anakuta mlango umeshafungwa.

Nina ami yangu, mzaliwa wa Ndau, aliyeacha bahari akaenda kuendesha lori la bidhaa kati ya Mombasa na Mokowe. Hii ni kabla barabara ya Garsen hadi Lamu haijatiwa lami, wakati ule kila gari lililokuja mbele yako lilikurushia kokoto. Upande wa Witu kuna siku jiwe, si kokoto, jiwe la ngumi, lilimjia usawa wa uso. Kioo chote kiligeuka cheupe kama utando wa buibui. Hakikuanguka. Alifunikwa na unga mwembamba mikononi na mapajani, akasimamisha gari pembeni, akatoboa nafasi ya kuonea upande wake, akaendelea. Macho yote mawili anayo mpaka leo, na kwa dereva mwenye watoto watano macho ndiyo shamba. Kioo kile kilibadilishwa. Miaka ya baadaye alipata kidoa kidogo kwenye gari lingine, akampelekea fundi pale Mombasa, akasimama anaangalia ile rezini inavyosukumwa ndani ya nyufa, akasema mbona hii ni kalafati. Fundi, kijana wa bara, hakujua neno. Ami akamfundisha. Sijui kama kijana alilitumia tena, lakini mimi siku hizi sisemi kuziba kioo, nasema kukalafati.

Kuna jambo moja la mpaka kati ya gari na boti nilitaka kulipitia haraka. Boti nyingi za mwendo kasi visiwani zina kioo cha mbele pia, lakini mara nyingi si kioo, ni perspeksi, plastiki tupu. Inakwaruzika, inafifia, inaweza kupasuka, ila hii rezini ya windiskrini si dawa yake. Usimpelekee fundi wa magari kioo cha boti ukamlaumu.

Turudi kwa mwenyewe. Ungetegemea kwamba mtu aliyepata hataza ya kitu kinachowekwa kwenye kila gari angekaa kiwandani ahesabu pesa. Bénédictus miaka ya 1920 alikuwa anachora maua. Maua, chemchemi, samaki, maumbo ya pembe na miduara, rangi juu ya rangi. Ule mtindo unaoitwa Art Deco, unaouona kwenye majumba ya sinema ya zamani na baadhi ya majengo ya katikati ya Nairobi na Mombasa, yeye ni mmoja wa waliouchorea vitambaa na mazulia. Mwaka 1925 Paris iliandaa maonyesho makubwa ya sanaa za mapambo, yale ambayo jina la Art Deco lilitokana nayo. Kitambaa chake chenye chemchemi, Les Jets d'eau, kilifumwa na kampuni ya Brunet-Meunié kwa ajili ya banda lililopambwa kama ubalozi wa Ufaransa. Kipo hadi leo katika jumba la makumbusho la Metropolitan huko New York.

Alitoa pia makabrasha ya michoro ya rangi, ili wafumaji, wapambaji na wenye viwanda wapate pa kuchukulia mawazo. Yalichapishwa kwa namna ya kizamani inayochosha: kila rangi inakatiwa kibao chake chenye matundu, inapakwa kwa mkono, karatasi moja baada ya nyingine. Utaona kwamba ni tabaka tena. Rangi, juu yake rangi, juu yake rangi, na zote zisimame kama kitu kimoja. Wanaoandika habari zake hupenda kumgawa, huku mkemia, huku mchoraji, kama watu wawili waliogongana barabarani. Mimi sioni hivyo. Mtu aliyekulia kwenye kujalidi vitabu anajua gundi inafanya nini kati ya ngozi na karatasi. Macho ya aina hiyo ndiyo yaliyoona utando ndani ya chupa. Mkemia mtupu pengine angeona chupa chafu tu.

Kioo chake kilikuwa na ugonjwa, na aliishi kuuona. Seluloidi haipendi jua. Baada ya miaka michache juani ilianza kuwa manjano, halafu kahawia kama chai ya maziwa, na unyevu ukapenya ukingoni ukafanya mapovu kati ya tabaka. Dereva akawa anaitazama barabara kama mtu anayechungulia ndani ya chupa ya asali. Wazo lilikuwa sahihi, ila kitu cha katikati hakikufaa kwa kazi ya miaka mingi. Dawa ilipatikana katika nusu ya pili ya miaka ya 1930, plastiki nyingine inayoitwa polivinili butirali, inayonyumbuka zaidi, inayokaa wazi juani, isiyoshika moto kama ile ya pamba na asidi. Ndiyo iliyoko kwenye gari uliyopanda asubuhi. Ukitaka kuhakikisha, angalia pembe ya chini ya windiskrini, kuna muhuri wa maandishi madogo. Neno laminated ukiliona, hiyo ni ya tabaka. Utaona jina la kiwanda na alama za ukaguzi. Jina la Bénédictus hutaliona.

Yeye hakuifikia hiyo plastiki mpya. Alifariki Paris tarehe 28 Januari 1930, akiwa na miaka 51. Kabrasha lake la mwisho, Relais, lilitoka mwaka huohuo: karatasi kumi na tano, michoro arobaini na miwili. Vile vioo vyake vya kwanza, vilivyobaki kwenye magari ya makumbusho, vimegeuka manjano karibu vyote. Zile karatasi zimehifadhiwa makabatini kwenye maktaba na makumbusho ya Ulaya na Marekani, na ukizifungulia kwenye simu yako usiku huu, buluu yake ingali buluu, na nyekundu yake inakuchoma macho.